Msalaba wa Zambarau Kifuani mwa Ndugu Yangu

Diploma yangu imetundikwa sebuleni hapa Amukura, juu ya televisheni, ili anayeingia aione kabla ya kuniona mimi. Nyumba hii ya mawe niliijenga kwa kazi ambayo hapa kwetu hakuna mwingine aliyewahi kuifanya. Kwa miaka kumi nilikuwa ng'ambo nikitunza panya wenye saratani ya mapafu, katika maabara iliyojaribu aina mpya ya mionzi. Niliwalaza kwa dawa, nikawanyoa kifua, nikawachora msalaba mdogo ili mwale ugonge palepale kila siku. Madaktari wenyewe walisema mkono wangu haukosei.

Kwa hivyo ndugu yangu mkubwa, anayepanga foleni ya malori mpakani Malaba, alipopatikana na saratani hiyohiyo, nilimwambia asiogope. Jumatatu hadi Ijumaa tulikaa mjini karibu na hospitali ya mionzi. Wikendi yeye na mkewe walilala kwangu. Kifuani na mbavuni alichorwa misalaba mitatu ya zambarau, akaambiwa isifutike.

"Hao panya wako walipona?" aliniuliza tukinywa chai.

"Wengi! Uvimbe uliisha kabisa."

"Na waliopona mliwafungulia mlango waende?"

Nikacheka. "Tuliwaua, tukawapasua. Utajuaje kama uvimbe umeisha?"

Hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

Jumapili hiyo kulikuwa na joto kali, na jasho likafuta msalaba wa kifuani. Mkewe alitaka tusubiri hospitali.

"Shemeji, fundi wa kazi hii yuko hapa," nikamwambia, nikachukua maka peni.

Nilichora mstari wa kwanza, kisha wa pili. Ndipo nikauona mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umeikamata ngozi ya kisogo chake kwa vidole viwili, vile tulivyowakamata panya wasigeuke. Sijui ulifika pale saa ngapi. Naye alikuwa ametulia, macho wazi, akivuta pumzi moja, kimya kirefu, halafu nyingine. Midomo yangu ilikuwa inazihesabu, kama nilivyohesabu za panya waliolazwa kwa dawa.

"Unahesabu nini, kijana?"

"Hakuna."

Jumatatu, mama anayeendesha mashine ya mionzi alipima kwa rula, akasimama.

"Nani alichora alama hii?"

"Mimi. Nina diploma."

"Ya watu?"

Niliisukuma maka peni ndani zaidi mfukoni.

"Imepanda vidole viwili. Ningeifuata, ningechoma mahali pazima na kuacha ugonjwa." Akaifuta kwa spiriti, akaanza kupima upya. "Mzee, mtu mwingine asikuguse hapa."

Ndugu yangu alitoka amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Kesho nitakuja na mke wangu," alisema. "Wewe rudi ulinde diploma."

Alimaliza mionzi bila mimi. Siku hizi anakohoa kidogo tu, na Jumapili bado anakuja kwangu tupige stori. Lakini kwenye kochi hakai. Huvuta kiti hadi ukutani, akaegemeza kisogo kwenye mawe, ndipo anaomba chai.