Jina Lililokwanguliwa Ukumbini Aldermarsh

Saa mbili na nusu asubuhi, Hazel Tranter yuko juu ya ngazi, amebana pumzi. Kwenye ncha ya brashi yake kuna karatasi ya dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Upepo kidogo tu na itapeperuka.

"Clive, umefungua mlango?"

"Sijafungua kitu mimi. Nimekohoa."

"Basi kohoa kesho, mzee wangu."

Clive Bessant ndiye mtunza ukumbi wa kaunti hapa Aldermarsh. Zamu yake huanza saa mbili, lakini siku hizi anafika saa kumi na mbili na nusu kuwasha joto, kwa sababu vidole vyenye baridi havishiki brashi. Hakuna anayemlipa kwa hilo, wala hajalitaja. Hazel ndiye aliyelisema.

Ukutani pana mbao nne za mwaloni zenye majina ya wabunge wote wa kaunti hii ya Marlshire tangu mwaka 1660. Ni majina mia moja arobaini na matatu. Kazi ya Hazel ni kuyarudishia dhahabu yake kabla ukumbi haujafunguliwa upya Jumamosi.

Ukoo wa Averholt peke yake umeandikwa mara kumi na tisa. Baba, mwana, mjukuu, mkwe.

"Waliachiana kiti cha Bunge kama watu wanavyoachiana kabati la bibi," anasema Hazel, akishuka taratibu kwa sababu ya magoti yake.

Ana miaka sitini na miwili. Alianza kazi hii akiwa na kumi na sita, akimshikia mjomba wake makopo ya rangi huku mjomba akiandika mabango ya baa na maduka ya nyama. Alipoanza kwenda peke yake, wateja walimwona msichana, wakauliza fundi yuko wapi. Siku hizi analipwa pauni mia moja sitini kwa siku, siku zikipatikana. Majira ya baridi hupata siku tisa kwa mwezi, pengine pungufu.

Kwa hiyo kazi hii ya wiki mbili ilikuwa neema. Hadi ilipofika siku ya tatu.

Siku hiyo alikuwa kwenye ubao wa pili, kwenye mstari wa mwaka 1841, akipangusa vumbi. Kidole chake kikazama.

"Mbao ikikwanguliwa hubaki na bonde," anaeleza. "Jicho halilioni, ila kidole kinalijua. Nikapitisha kitambaa chenye maji, nikaweka taa ubavuni. Herufi zikaja zenyewe: Thomas Ludkin."

Jina hilo halimo katika orodha aliyopewa na kamati ya ukumbi.

Siku yake ya mapumziko alikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka za kaunti. Karani wa pale, Imogen Sayle, aliacha chakula chake cha mchana kikapoa ili asifunge chumba, kwa kuwa Hazel alikuwa ametoka mbali kwa basi.

Jibu lilikuwa katika kitabu cha kura. Zamani zile kura haikuwa siri. Mpangaji wa shamba alipanda jukwaani, akamtaja anayemtaka mbele ya watu wote, na mbele ya msimamizi wa mwenye ardhi. Majina yakachapishwa, na yeyote aliweza kununua kitabu.

Ludkin alikuwa mpika bia. Alimshinda kijana wa Averholt kwa kura arobaini na sita, akala kiapo, akakaa bungeni wiki kumi na moja, akasimama mara mbili kupinga ushuru wa nafaka uliofanya mkate wa maskini uwe ghali. Kisha akashtakiwa kwamba mali yake haitoshi. Sheria ilimtaka mbunge wa kaunti awe na mali ya kuingiza pauni mia sita kwa mwaka. Yake, walisema, iliingiza mia tano themanini na nane. Akatolewa, kijana wa Averholt akakalishwa.

Majira yale ya baridi, familia thelathini na moja zilizompigia kura zilifukuzwa mashambani na wenye ardhi. Katika kitabu, kando ya kila jina kati ya hayo thelathini na moja, mtu ameweka alama ndogo ya penseli. Alama nadhifu sana. Aliyeziweka hakuwa na haraka.

Hazel alimpelekea habari mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, Bi Philippa Dunmore. Clive alikuwepo, anafuta sakafu ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Hazel mpenzi," mwenyekiti akasema, "tunakulipa upake dhahabu, si ufukue makaburi."

"Sikufukua. Nilipangusa tu."

"Ni babu yako huyo?"

"Hapana. Kwani lazima awe babu yangu ndipo nikasirike?"

Amri ikatoka kwa maandishi: bonde lizibwe kwa nta, lipakwe vanishi, yaishe. Asipofanya hivyo hatalipwa nusu iliyobaki, na kazi atapewa fundi mwingine. Jumamosi, atakayekata utepe ni mtu wa ukoo wa Averholt. Ukoo umelipia nusu ya dhahabu.

Gazeti hili lilipomuuliza, Bi Dunmore alijibu, "Mbao hizi ni za kuwaheshimu waliotutumikia, si za kuamsha ugomvi wa marehemu."

Ugomvi? Ugomvi huwa wa watu wawili wenye nguvu sawa. Mtu aliyetolewa na watoto na vitanda vyake kwenye barafu, kwa kosa la kulitaja jina moja kwa sauti, hakugombana na mtu. Na jina lile halikukwanguliwa na mlevi wala mwizi. Liko juu mno. Aliyelikwangua alipewa ngazi, tena mchana, na pengine alipewa na chai.

"Nta ikishaingia kwenye mbao haitoki," anasema Hazel. "Walimwondoa mara moja bungeni, wakamwondoa mara ya pili ukutani. Mara ya tatu wanataka iwe kwa mkono wangu. Mkono wangu hapana."

Kwa kuwa amekataa, Alhamisi wajumbe saba wa kamati watapiga kura: jina lirudishwe au lizibwe. Wawili wamekuja kuona wenyewe. Mmoja, mkulima mzee, alipanda ngazi, akaweka kidole bondeni. Alipokuwa akishuka, Hazel alimshika kiwiko. Hakumuuliza atapiga kura upande gani.

Begini mwake Hazel ana karatasi iliyokunjwa. Ameitoboa kwa sindano herufi kwa herufi, THOMAS LUDKIN 1841, kwa kipimo kilekile cha majirani zake ubaoni. Akiibandika ukutani na kuipiga vumbi la chaki, vumbi litapenya vitundu na mistari itakuwa tayari.

"Baada ya hapo ni saa nne tu za kazi. Sitaki malipo ya jina hilo. Waniachie saa nne."

Mchana simu inalia. Ofisi ya kamati inataka ngazi iondolewe kwenye ubao wa pili, leo hii. Clive anasikiliza, anaitikia kwa heshima, anakata simu.

"Haiwezekani," anasema. "Ngazi nzito hii. Mgongo wangu umeshtuka."

"Maskini! Utapona lini?"

Clive anafikiri kidogo.

"Ijumaa," anasema, na kwenda kuongeza joto.