Injini Niliyoijaribu Tambarare

Kuseti pampu ya dizeli ni kazi ya mashine, na mashine iko Morogoro mjini. Mafundi wote wa Mikumi tunalijua hilo. Sisi huku tunatumia bisibisi, masikio na moshi. Mafuta yakipungua, gari halina nguvu. Yakizidi, injini inapata joto mpaka pistoni inayeyuka, na hapo huna la kurekebisha.

Mzee mmoja wa Kilosa, mstaafu wa reli, aliniletea pikapu yake nimsetie pampu. Injini aliinunua kwa kiinua mgongo chake chote, ili abebe maharage kutoka milimani. Akaniuliza kama aipeleke Morogoro kwanza. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi niko hapa kwa ajili gani?" Ujuaji. Hata leo unanikera.

Nilihangaika nayo siku nne. Nikigeuza skrubu kidogo, naliingiza gari barabara kuu, nakwenda nalo mbugani, narudi. Sasa ile barabara ina matuta, na mwendo ni hamsini kwa sababu ya wanyama. Ukizidisha unapigwa faini. Kwa hiyo injini niliisikiliza ikienda kwa madaha kama bibi harusi, tena bila mzigo, tena tambarare. Iliunguruma vizuri mno. Mzee alipouliza kama nimeijaribu, nikasema nimeijaribu. Nikaongeza kwamba moshi kidogo ni kawaida.

Wiki iliyofuata pikapu ilirudi ikivutwa na trekta. Mzee alikuwa ameijaza magunia, akapanda mlima kwa gia ya pili, moshi mweusi ukatanda nyuma, naye akaendelea kwa sababu nilimwambia ni kawaida. Nilifungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, mbele yake. Pistoni mbili zilikuwa zimetoboka. Niliona aibu, na niliogopa pia.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Uliipandisha mlima?"

"Hapana, mzee."

"Na ulijua kwamba haijapanda?"

"Nilijua."

"Basi ungeniambia hilo tu. Ningepanda na magunia mawili, taratibu, nione inavyokwenda."

Alichukua koti lake kwenye kiti cha pikapu, akachomoa ufunguo kwenye swichi, akautazama, kisha akaurudisha palepale na kuondoka.