Foronya ya ayeeyo: ngamia wa miguu mitano alivyonivua ujanja

Wakuu, salaam aleykum. Hili limenikuta mwenyewe, na nimelipima mara mbili kabla ya kulileta. Chumvi sijaongeza, hiyo nawawekea mbuzi.

Mimi ni dalali wa mbuzi hapa Garissa. Walionipunja sokoni ni wachache, na nawajua kwa majina.

Ayeeyo wetu, bibi mzaa baba, alifariki kule Masalani akaacha sanduku la bati limejaa foronya alizodarizi kwa mkono. Juzi eedo Halima, shangazi yangu, akatuita wajukuu tugawane.

Mimi niliitaka moja tu. Ya buluu, yenye ngamia wa miguu mitano.

Huyo ngamia alishonwa mbele yangu. Nilikuwa mdogo, kazi yangu kutunga uzi kwenye sindano. Nikahesabu miguu, nikarudia, nikamwambia ayeeyo mmoja umezidi.

Akasema, "Huyu anakwenda mbali, mpaka Diff. Huo ni wa spea."

Sasa, sokoni mnyama unayemtaka humtazami. Unamsifu jirani yake.

Basi nikaingia kwa eedo na ujanja wangu. Nikashika foronya nyeupe ya maua, nikaisifu mpaka ikakaribia kuona haya. Ile ya ngamia nikaisema bila hata kugeuka: "Hiyo imepauka. Labda ya kufutia pikipiki."

"Sawa," akasema eedo. "Sahra, chukua. Pikipiki ya mumeo ina vumbi."

Binamu yangu Sahra akaikunja, akaitia mkobani. Wakuu, jasho lilinitoka na feni inazunguka.

Nikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Kwamba si mbaya sana. Kwamba kitambaa bado kina nguvu.

Eedo akafunika mkono wake kwa shuka. "Warya, wewe dalali, lete mkono."

Kwa wasiojua: kwenye soko letu la mifugo bei haitamkwi. Mnaingiza mikono chini ya nguo, mnafinyana vidole, anayepita haambulii kitu.

Eedo akanishika kidole kimoja. Nikajua ni mbuzi mmoja, nikakubali haraka. Akatikisa kichwa. Ng'ombe? Akatikisa tena. Nikataja ngamia, kwa sauti ndogo maana ngamia sina.

"Neno moja la kweli," akasema. "Mbele ya hawa wote."

Nimewahi kuwanyamazia wanunuzi wagumu, lakini kidole kilikuwa bado kwake.

"Naitaka," nikasema. "Ndiyo ya mwisho aliyoshona. Uzi wote nilitunga mimi, yeye tundu la sindano alikuwa halioni tena."

Eedo akaniachia kidole.

Sahra akaitoa foronya mkobani. "Walaal, ndugu yangu, ulijiuza tangu mlangoni. Kila aliyeingia humu alisimama kumhesabu huyo ngamia miguu. Wewe peke yako hukumtazama."

Sasa iko kwenye mto wangu. Naifua mwenyewe kwa mkono, na mke wangu ananipiga picha awaonyeshe kina eedo.

Nilichojifunza: ujanja wa soko uishie kwenye geti la soko. Waliokulea wanakusoma hata ukigeuza shingo. Cha bibi ukikitaka, sema mapema, kabla hakijafuta pikipiki.

Nanyi mna kitu gani cha mkono wa bibi, na mlikipataje? Mwageni hapo chini. Wanaotaka kuja inbox kuuliza bei wajue haiuzwi.