Niambie Unaona Nini

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokuwa nimerudi Igalula kutoka Dar es Salaam, najiona nimeimaliza dunia. Nilikuwa nauza nguo katika duka moja la Kariakoo. Niliposhuka kwenye treni niliona vumbi, nyumba yetu ya tope na kanga ya mama iliyopauka, nikajiuliza watu wanaishije huku. Ninyi leo mnasema hivyohivyo mkiwa mmeinamia simu, ndiyo maana siwacheki sana.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Alasiri moja aliniomba nikamsaidie kushusha mzinga porini. Akaniagiza nioge kwa maji matupu, bila sabuni ya kunukia, kwa sababu nyuki hawapatani na manukato. Nilioga, ila kichwa sikukiosha. Nywele nilikuwa nimezipaka mafuta ya mjini yanayonukia, zinang'aa, na njia ya porini ilipita kisimani wanakoteka maji wasichana. Ujana una wazimu wake.

Tulipofika, baba alipanda mtini na mwenge wa moshi, akaufunga mzinga kwa kamba. Mimi chini nilishika kamba, kazi yangu kuuteremsha polepole. Nyuki mmoja akaja kichwani, akaja mwingine, mara mvumo ukanizingira. Nikaiachia kamba, mzinga ukapasuka chini. Nilianguka kifudifudi, najua nakufa. Baba angeweza kubaki juu kwenye moshi wake. Alishuka, akanilalia mgongoni, akanifunika kichwa kwa koti lake, uso wake akauacha wazi.

Nyuki walipotulia macho yake yalikuwa yameziba kwa uvimbe, na pumzi ilikuwa inamkata. Jua linashuka, nami njia siijui. Wakati wa kuja nilimfuata nyuma tu, nawaza Kariakoo.

"Nishike mkono," alisema. "Niambie unaona nini."

"Miti, baba."

"Mti gani? Ukiniambia miti tu tutalala huku, na mimi asubuhi siioni."

Nilikuwa naweza kutaja mitaa ya Kariakoo mmoja baada ya mwingine, lakini miti iliyotupa asali ya kunisomesha sikuijua majina. Nikaanza kutazama. Nikamwambia kuna mti umekatwa gome, unatoka utomvu mwekundu kama damu. Akasema huo mninga, tushike kulia. Nikamwambia naona kichuguu kirefu kilichoota mti juu yake. Akasema tuko sawa. Nikamwambia majani yamegeuka rangi ya shaba, jua linapita katikati yake, na nyasi zote chini zinawaka. Hapo nilisimama. Sikuwa nimeona kitu kizuri namna ile, hata pwani, na nilikuwa nakiona huku mkono wa baba ukizidi kupoa ndani ya mkono wangu.

"Endelea," alisema. "Hilo halituonyeshi njia, lakini endelea."

Tulifika giza likiingia. Mama alimtoa miiba usoni, analia. Baba alipona, ila jicho la kushoto halikurudi. Hakunitukana. Alisema mara moja tu, "Sikukukataza mjini, Maganga. Nilidhani utarudi na macho zaidi, ukarudi na mafuta."

Mwanangu, sikwambii usisafiri. Tembea uone. Sisi Wanyamwezi babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa Tabora mpaka pwani, wakaiona bahari, wakarudi kulima na kurina. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Uzuri wa ugenini ukuzoeshe kutazama, usikufundishe kudharau. Ukirudi, kabla hujalinganisha, jifunze tena majina ya vilivyokulea: mti, kisima, jirani, mikono ya mama yako. Usipovijua, hutaridhika hapa wala huko uendako.

Mpaka anakufa, kila niliporudi safari baba alinigeuzia lile jicho moja, akaniuliza nimeona nini njiani. Hakutaka habari za Dar. Nilianzia stesheni ya Igalula, nikamtajia mti kwa mti mpaka mlangoni.

Mungu akulinde uendako, akurudishe salama. Na siku mzazi wako atakaposhika mkono wako gizani, akujalie usikose la kumwambia.