Mikono Minne, Kamba Moja

Binti yangu Elsie alizaliwa Novemba, na mpaka Krismasi inapita alikuwa akianza kulia saa kumi jioni bila kukoma hadi saa mbili usiku, kila siku, kama mtu aliyeajiriwa kazi ya kulia. Mume wangu, Craig, anaendesha lori la maziwa na huamka alfajiri, hivyo jioni namwacha alale. Nilikuwa namfunika mtoto, namweka kwenye kigari chake, nazunguka naye. Cobley ni kijiji kidogo cha Uingereza. Ukizunguka mara tatu, kila dirisha limeshakujua.

Alhamisi moja ya Januari nilipita uwanja wa kanisa wakati wapiga kengele wanafanya mazoezi. Elsie akanyamaza. Nikasimama palepale kwenye baridi, naogopa hata kusogea. Mlango wa mnara ukafunguka, akachungulia bibi mmoja mfupi mwenye sweta la kijani.

"Kipenzi, huyo mtoto atageuka barafu. Mlete ndani."

"Kelele hazitamdhuru?"

"Kelele ziko juu. Huku chini kuna chai."

Huyo ndiye Bi Doreen Pocock. Amepika chakula cha watoto wa shule yetu miaka thelathini na mmoja. Hata Craig alikua kwa sahani zake. Hakuolewa. Ana bustani ya maharage, ana paka asiyependa wageni, na ana mnara. Yeye ndiye mkuu wa wapiga kengele, na wenzake humwita Kapteni. Msimu wa kunguru kujenga viota, yeye ndiye alikuwa akipanda ngazi kwenda kuzoa vijiti vyao juu.

Kengele zetu ni sita, kila moja na kamba yake na mtu wake. Ya kwanza, ile ndogo inayoanza kabla ya zote, ni ya Bi Doreen. Malkia alipotawazwa, miaka sabini iliyopita, mpigaji wa kengele hiyo aliugua, akaitwa yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akijifunza. Hakuifikia kamba vizuri, wakamsimamisha juu ya kisanduku cha matofaa. Tangu siku ile, iwe arusi ya kifalme, jubilei au msiba, kengele ya kwanza ya Cobley haijavutwa na mtu mwingine.

Februari aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akaangukia bega. Mfupa haukuvunjika, lakini mkono ukagoma kupanda. Daktari akasema subira. Mfalme mpya alikuwa atawazwe Mei.

Bi Doreen akaja kwangu na keki ya tangawizi.

"Wikendi ya Mfalme nahitaji mtu kwenye kamba yangu," akasema. "Hatuwezi kumpigia kengele tano. Tano ni kama kutabasamu bila jino la mbele."

"Bi Doreen, mimi shule yenyewe ilinishinda."

"Hii haina mtihani. Ina mikono tu."

Kamba ya kengele ina sehemu mbili. Kuna mshiko mnene wa sufu, mwekundu, mweupe na bluu, unaouvuta na kuuachia. Halafu kuna mkia, unaokwenda nao juu mpaka mikono yote iko juu ya kichwa, ukauvuta tena, mshiko ukarudi. Mwanafunzi hapewi vyote kwa pamoja. Wiki tatu za mwanzo mimi nilishika mkia, Bi Doreen akashika mshiko, kwa kuwa mkono wake uliweza kufika usawa wa paji la uso tu. Tulisimama uso kwa uso. Nilijua amekula nini.

"Usiitazame kamba kama nyoka. Nitazame mimi."

Baadaye akaniachia yote, akakaa kwenye benchi. Elsie alilala kwenye kigari kando yake, Alhamisi hadi Alhamisi. Nyumbani nako akaanza kulala. Sijui kama ni kengele au ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kulia. Hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Ijumaa, siku moja kabla ya kutawazwa, nilipeleka sandwichi za mayai kanisani. Mlango wa mnara ulikuwa wazi kidogo. Bi Doreen alikuwa peke yake, anafuta vumbi kwenye kamba. Akaushika mshiko, akajaribu kuinua mikono. Ilifika kwenye paji la uso ikakomea hapo. Akajaribu tena. Halafu akaishusha polepole, akatoa leso.

Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakohoa, nikaingia kana kwamba ndio kwanza nafika.

"Sandwichi hizo umeweka chumvi?" akauliza, amenipa mgongo.

"Nimeweka."

"Vizuri."

Usiku ule nilipokuwa nikimnyonyesha Elsie nilijiona kama mtu aliyepewa koti la mwenye baridi.

Jumamosi ikaamka na mvua. Meza zilizopangwa kukaa uwanjani zikaingizwa kati ya mabenchi ya kanisa, na kasisi wetu, Philippa, akatundika shuka mbele ili watu watazame sherehe ya kutawazwa ikimulikwa juu yake. Kufikia saa nne kanisa lilikuwa limejaa, linanuka makoti mabichi na kuku wa mchuzi wa manjano. Sisi tukasimama kwenye kamba zetu, nyuma ya pazia linalotenga mnara na kanisa. Bi Doreen alikaa kwenye benchi, koti limefungwa hadi shingoni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Bi Doreen," nikasema, "siwezi."

"Unaweza. Nimekufundisha mwenyewe."

"Mkia naweza. Mshiko naogopa."

Akanitazama sana. "Mwongo wewe."

"Ndiyo. Lakini njoo."

"Nina miaka themanini na miwili, nishikiwe kamba kama mwanafunzi? Watu watacheka."

Clive, fundi bomba, anayepiga kengele ya sita, aliacha kamba yake akaenda kabatini. Akarudi na kisanduku cha matofaa, kikuukuu, akakiweka mbele yangu.

"Panda, Kapteni. Ukipanda, mshiko unakuja chini kidogo, bega halitalalamika. Isitoshe, umepungua kimo."

"Na wewe umeongezeka tumbo, Clive."

"Hilo nalijua. Panda, Mfalme ana ratiba yake."

Akavua koti. Akanipa mkoba, sikujua pa kuuweka, nikauweka kwenye kigari cha Elsie. Akapanda, mkono mmoja begani kwangu. Nikashika mkia. Tukawa tena uso kwa uso, safari hii yeye yuko juu kidogo.

"Angalieni," akawaambia wote, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiwa kwenye benchi. "Anakwenda." Wapiga kengele huitaja kengele kama mtu. Akavuta mshiko. "Amekwenda."

Na kengele ikaenda. Yeye akavuta, akaachia. Mimi nikapanda na mkia, nikavuta. Mshiko ukarudi mikononi mwake. Ya pili ikafuata, ya tatu, mpaka ya Clive. Sikuitazama kamba hata mara moja. Alikuwa hatabasamu, alikuwa anahesabu kwa midomo. Machozi yalikuwa yangu, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Tulipiga robo saa. Akasema, "Simameni," zote zikasimama. Upande wa pili wa pazia kanisa zima likapiga makofi.

"Mara mbili umechelewa," akaniambia akishuka.

"Samahani, Bi Doreen."

"Si kitu. Na mimi mara moja."

Jumapili, katika sala za shukrani, Kasisi Philippa alitaka kila mtu ataje jambo moja. Wengine walimtaja Mfalme, mzee mmoja akataja kuku. Zamu yangu ilipofika nilisema "kengele", nikakaa, kwa kuwa mengine yalikuwa marefu mno.

Kile kisanduku hakijarudi kabatini. Bega la Bi Doreen linapona taratibu, na Alhamisi zote bado tunapiga hivyo, mikono minne. Elsie ameanza kusimama. Hukishika kisanduku kwa ukingo, akajivuta juu, akatutazama.