Kamera ya Babangu na Pweza wa Mamangu

Babangu alikuwa mpiga picha za harusi Msambweni. Alipofariki, kamera yake ilibaki kwenye kasha la mamangu, imefungwa kwa kipande cha leso. Ni kamera ya filamu ya zamani, nzito kama pasi ya mkaa, haina betri wala kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Mwaka juzi nikamwomba mamangu anipe. Mimi ni fundi cherehani; picha nilikuwa nimezoea kupiga kwa simu tu.

"Chukua," akasema. "Lakini hicho kidude kilikufa na mwenyewe."

Niliagiza filamu kutoka Nairobi, nikaitia, na Jumamosi nikaenda nayo Munje, kwenye harusi ya binamu yangu. Nilipiga picha thelathini na sita. Nilimsimamisha bibi harusi karibu na dirisha, nikawapanga mashangazi, nikawaambia watu wazima wasogee kulia, wasogee kushoto, nao wakanitii kwa kuwa walimkumbuka babangu. Nilirudi nyumbani nikijiona mkubwa.

Jumatatu nilipeleka filamu Ukunda, kwa mzee aliyekuwa msaidizi wa babangu, ninayemwita Ami. Siku hizi anapiga picha za pasipoti kwenye kibanda kidogo, lakini filamu bado anaziosha mwenyewe jikoni kwake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Iache, urudi alasiri."

Alasiri alinionyesha utepe mtupu, hauna hata kivuli cha mtu.

"Kifuniko cha lenzi ulikiondoa?"

Nikatikisa kichwa.

"Kamera hii, wewe unachungulia kwa kidirisha cha juu, filamu inaona kwa lenzi. Ukisahau kifuniko, wewe utaona harusi nzima na filamu haitaona kitu." Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nililazimika kwenda kwa binamu yangu kumwambia. Alinisamehe, lakini mashangazi walinipachika jina: Mpiga Giza. Hata sokoni niliitwa hivyo.

Ami alinikataza kununua filamu nyingine kwa miezi miwili. Kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda kibandani na kamera tupu. Alinionyesha doa dogo la manjano katikati ya kidirisha, ambamo kitu kimoja huonekana viwili, kama mtu na pacha wake. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wale wawili washikane wawe mmoja. Hapo ndipo unapobonyeza. Nilifanya mazoezi dukani kwangu kwa vifungo vya mashati ya wateja, kwa pua zao, kwa sindano ya cherehani. Alinifundisha pia kulipima jua kwa macho. "Mwanga huu ni ngapi?" alikuwa akiniuliza ghafla, nami nataja namba ya kuweka kwenye lenzi. Mwanzoni nilikosea kila mara. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa napatia, akaacha kuniuliza.

Siku hizo ndipo nilipopekua albamu za babangu nione alivyowapanga watu. Wake wa Msambweni nzima walikuwamo. Mamangu hakuwamo.

"Alipiga picha za wake za watu," mamangu akasema alipoona nafungua albamu ya tatu. "Mimi nilikuwa pwani."

Mamangu ni mvuvi wa pweza. Maji yakipwa hutembea juu ya mwamba na kijiti chake, akichokoa mashimoni, na mpaka leo, ana miaka sitini na nne, haachi bamvua, zile siku maji yanapokupwa sana, ipite.

Bamvua iliyofuata nilimfuata na filamu mpya. Kifuniko nilikiacha nyumbani kabisa. Nilikwenda pekupeku ndani ya maji ya kifundo cha mguu, kamera nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Akainama ghafla, akasukuma kijiti, akavuta. Pweza akatoka, akamzonga mkono wote hadi begani. Mamangu wawili wakatokea kwenye doa la manjano. Nikazungusha pete.

"Fanya haraka, ananiuma huyu!"

Wakashikana. Nikabonyeza.

Ami alipoutoa utepe ule kwenye maji, aliuinua dirishani, akaukagua picha moja moja. Kisha akasema, "Babako hakupata kupiga hii." Nilitoka pale nikatembea hadi stendi bila kuhisi ardhi.

Ami aliisafisha picha ile kwa ukubwa. Mikunjo ya pweza ilihesabika, na mamangu, meno yote nje, anacheka na kulia maumivu kwa pamoja. Nilipompelekea, aliishika kwa mikono miwili, akaileta karibu, akaisogeza mbali.

"Kumbe ndivyo nilivyo," akasema. Akajitanda leso, akaondoka nayo. Alizunguka kijiji kizima na hakurudi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Bamvua nyingine nilipofika ufukweni asubuhi, niliwakuta wanawake kumi na mmoja wakinisubiri na vijiti vyao, wote wamevaa leso mpya za sikukuu, tayari kuingia nazo kwenye maji ya chumvi.