Gari la Rangi ya Chungwa la Leona Kaczor

Kiharusi kilimpiga mama yake Leona Kaczor upande wa kushoto, na kwa miaka tisa baada ya hapo Leona hakulala hata usiku mmoja nje ya nyumba yao ya mbao, upande wa kusini wa Bay City, Michigan. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Alfajiri jirani alikuja kukaa na mama, saa nane mchana Leona alirudi, na kuanzia hapo mpaka kesho yake kazi ilikuwa yake peke yake. Walikuwa na gari refu lenye lifti ya kupandishia kiti cha magurudumu. Hilo ndilo lililompeleka mama kliniki, kanisani, na kwa msusi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, maana Bronia Kaczor alipooza mwili lakini hakukubali kuonekana na nywele ovyo.

Alifariki Februari. Watu walileta soseji, kabichi na keki, kama kawaida ya mtaa ule. Leona alikula, akaosha mabakuli, akayarudisha kila moja kwa mwenyewe. Hakulia. Si kwamba alijikaza. Kilio hakikuwepo tu. Mdogo wake Gerard, aliyetoka Ohio na kukaa siku tatu, alilia kwa niaba ya wote wawili, kisha akamwambia kwa upole kwamba sasa na yeye apumzike. Leona akaitikia. Alipumzika wiki mbili, akakuta hajui kupumzika kunafanywaje, akarudi jikoni.

Mwezi Mei akalitoa lile gari la lifti kwa mzee mmoja aliyekuwa na mke mgonjwa. Likaondoka, uani pakabaki doa la oili. Sasa hakuwa na usafiri. Twyla, mpishi mwenzake, akawa anampitia asubuhi, na njia nzima alimsomea somo moja: anunue kigari kidogo, kisichonywa mafuta, cha mtu mzima mwenye akili zake. Leona akasema sawa. Jumamosi moja wakatoka kwenda kukiangalia kigari cha namna hiyo kwenye yadi ya magari nje ya mji.

Hawakufika. Kando ya barabara, juu ya majani mbele ya nyumba ya matofali, lilisimama gari la rangi ya chungwa lenye karatasi kwenye kioo. Lilikuwa Dodge Challenger, si ile ya zamani iliyowatia vijana wazimu mwaka 1970, bali mtoto wake aliyezaliwa miaka karibu arobaini baadaye: sura ileile ya kununa, boneti ndefu ileile, ila ndani kila kitu cha siku hizi. Leona akamwambia Twyla asimame.

"Unataka kuuliza njia?" Twyla akasema.

"Nataka kuuliza gari."

Mwenye gari, Norbert Gutowski, alitoka akichechemea. Alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka thelathini na minne. Ujanani aliwahi kuwa na ile ya zamani, rangi hiyohiyo, akaiuza alipopata mtoto wa kwanza, na alipostaafu akajinunulia hii mpya kabla hata hajabadilisha paa la nyumba. Haikuwahi kunyeshewa. Ilikuwa imetembea maili elfu tisa, nyingi kati ya hizo za kwenda kwenye maonyesho ya magari na kurudi. Sasa amebadilishwa nyonga zote mbili na kuingia humo ni kwa shida. Akiingia, kutoka ni mpaka avutwe. Vijana watatu walikuwa wameshakuja na hela mkononi akawafukuza. Wa mwisho alimfukuza kwa jinsi alivyofunga mlango.

Alimzungusha Leona gari zima, akamfungulia boneti, akamwonyesha ile injini ya silinda nane kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa familia. Leona alitazama kila alichoonyeshwa. Kisha mzee akaanza maswali.

"Baridi ikija utaliweka wapi?"

"Nje. Nitaenda nalo kazini."

 Norbert akaeleza taratibu, kama anayezungumza na mtu asiyesikia vizuri, kwamba kuanzia Novemba barabara zote za huku humwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hula bodi kimyakimya kuanzia chini, na gari kama hili hulazwa ndani mpaka Aprili.

"Sina gari lingine, mzee."

"Basi nunua lingine. Mbona hujaniuliza hata nguvu zake? Wewe hili umelitakia nini hasa?"

Leona akauangalia ule mlango mzito, akaangalia kiti kilivyokaa chini, karibu na lami.

"Lina milango miwili," akasema. "Na kiti kiko chini. Mama yangu asingeweza kuingia humu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma uzito wa unga kwenye mfuko. Norbert hakumwelewa.

"Mlete tujaribu. Mbona mimi mwenyewe nyonga ndizo hizi, na ninaingia?"

"Alifariki Februari."

Mke wa Norbert, Irma, alikuwa amesimama ngazini na kitambaa cha vyombo muda wote huo.

"Norb," akasema, "mpe mwenzio funguo."

Jumatatu Leona alikuja na hundi ya benki, akaondoka na gari. Watu wote walimwahidi kwamba atajisikia kitu. Norbert alimwambia ataota mbawa. Twyla alimwambia atarudi msichana. Siku ya kwanza alilipeleka kwenye barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya viazisukari, akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, mgongo wake ukabanwa kwenye kiti, mshale ukapanda. Leona akautazama ukipanda. Akaachia, ukashuka. Akarudi nyumbani, akapika yai.

Hakujuta, wala hakufurahi. Lilikuwa gari, na lilimfikisha. Kwenye vituo vya mafuta wanaume wa umri wake walimfuata, wakamsimulia magari ya kaka zao na ya ujana wao, wengine macho yakalengalenga machozi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza alikuwa amekuzoea. Jikoni Twyla hakumwacha.

"Shoga, wa kulipanda naye umeshampata, au tukutafutie? Gari lile si la kubebea magunia ya viazi peke yako."

Gerard alipiga simu, akauliza kwa adabu zote kama dada yake yuko salama kichwani. Leona akamjibu kwamba breki ni nzuri.

Novemba akalifunga tairi za theluji, akaendelea kwenda kazini. Kufikia Krismasi rangi ya chungwa ilikuwa haionekani vizuri chini ya ukoga mweupe wa chumvi. Baada ya ibada Norbert aliliona kwenye uwanja wa kanisa, akageuza uso, akaenda kumngojea mkewe upande wa pili wa jengo. Irma alimwambia Leona asijali, mzee ataumwa siku mbili tatu kisha atakula.

Leona alikuwa amejizoesha, akitoka kazini, kuzunguka kwenye barabara za mashambani kabla ya kurudi nyumbani. Hakuwa na pa kwenda, alizunguka tu. Alasiri moja ya Januari upepo ulikuwa ukisukuma theluji kukatiza lami. Mkia wa gari ukateleza. Leona akageuza usukani kama inavyotakiwa, haikusaidia. Gari likazunguka mara moja, likagonga nguzo ya alama, likashuka mtaroni kwa pua na kuzimika.

Lori la viazisukari lilikuwa nyuma yake. Dereva aliruka chini, akaja anakimbia akianguka na kuinuka, akagonga kioo.  Mikono ya Leona ilikuwa imetulia juu ya usukani.

"Mama, umeumia?"

"Hapana."

"Nimpigie nani? Nyumbani yuko nani?"

Leona akafungua mdomo kumwambia afanye haraka, mama yake anakunywa dawa saa kumi, na sasa ni saa tisa na nusu. Alikuwa ameshaiangalia saa. Maneno yakaishia hapo. Miezi kumi na moja ilikuwa imepita, na hakuna aliyekuwa akimngoja kwa ajili ya chochote.

"Subiri kidogo," akamwambia dereva.  Kisha akampa namba ya Norbert Gutowski. Kwa nini hiyo, hakujua, labda kwa kuwa ndiye aliyekuwa analijua lile gari.

Walifika baada ya dakika ishirini, Irma kwenye usukani, Norbert na koleo katikati ya magoti. Mzee akateremka mtaroni kwa ubavu, na nyonga zake hizo, na Leona akajua anakuja kuangalia rangi. Hakuiangalia. Alikuja moja kwa moja dirishani.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Huumwi, au husikii?"

Leona akafikiri.

"Sisikii," akasema.

"Toka saa ngapi?"

"Toka Februari."

Norbert akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeambiwa mlio unatokea wapi. Hakusema neno la maana baada ya hapo. Alisema atoke humo, kuna baridi, akampa mkono, na mpaka leo Irma hawezi kueleza ni yupi aliyemvuta mwenzake kutoka mtaroni.

Lori likalivuta gari kwa mnyororo. Taa moja ilikuwa imevunjika na madigadi ya kulia imebonyea. Norbert akaipitishia kiganja, akasema anamjua fundi, lakini ana foleni mpaka baada ya Pasaka. Leona akasema hana haraka.

Jioni ile alikula kwao maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini. Irma akamwambia kwamba kila Alhamisi hucheza karata pale, wao wawili na dada yake Bernadine, na mtu wa nne alihamia Florida miaka miwili iliyopita, hivyo mchezo haukai sawa. Leona akasema karata hajui. Norbert akasema pale anayejua ni Bernadine tu, na huyo anaiba.

Alhamisi akaenda, na nyingine, na nyingine. Alicheza vibaya. Alipangwa upande mmoja na Norbert, na kila alipotupa karata isiyotakiwa mzee aliguna na kuangalia dari. Baadhi ya siku alirudi nyumbani jinsi alivyotoka. Mwezi Machi, usiku mmoja, alishika karata nzuri tano mfululizo bila kujua kuwa ni nzuri, akashinda, na Bernadine akazitupa zake mezani na kudai zihesabiwe upya. Wakazihesabu, zikawa zilezile. Leona, bila kungoja kuambiwa, akasema anagawa yeye, akazikusanya, akaanza kuzichanganya.